Kelele Dhidi ya Kunong'ona

Ukitoka Goma, mashariki mwa Kongo, kwenda Sake utapita Ndosho, utapita Mugunga, kisha utaingia Mubambiro, kiasi cha kilomita 20 hivi kutoka mjini. Kushoto kwako ni upande wa Ziwa Kivu. Kulia ardhi ni nyeusi tii, mawe yanayokata viatu, maana volkano za Nyiragongo na Nyamulagira zimekuwa zikimwaga moto wake huku tangu enzi. Uji wa moto ulioanza kutiririka mwaka 1938 ulitembea mpaka ukaingia ziwani karibu na Sake.

Kwenye barabara hiyo hushuka chukudu kutoka milima ya Masisi. Kama hujawahi kuiona chukudu, ni chombo cha mbao kisicho na pedali wala injini: magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa raba, ubao mrefu katikati, usukani wa mti mbele. Kijana hupiga goti moja juu ya kipande cha ndala kuukuu kilichopigiliwa kwenye ubao, mguu wa pili unasukuma barabara, na mbele yake yamepangwa magunia ya viazi, makaa au kabichi mpaka humuoni. Goma hula kutoka kwenye barabara hii.

Vita navyo hupita hapo hapo. Mubambiro pana kambi ya jeshi. Walikaa hapo askari wa Kongo na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na kuanzia Desemba 2023 wakaja askari wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kutoka Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Februari 2024 mapigano kati ya jeshi la Kongo na waasi wa M23 yalifika kwenye milima inayoitazama Sake. Kombora likaangukia kambi, likaua askari wawili wa Afrika Kusini. Watu wa Sake na wa vijiji vya Masisi wakashuka na magodoro kichwani kuelekea Mugunga, Bulengo na Goma. Tarehe 23 Januari 2025 Sake ikatekwa, na siku nne baadaye M23 wakaingia Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba waasi hao wanasaidiwa na Rwanda. Rwanda imekana kila mara. Katika mapigano ya siku zile Afrika Kusini ilipoteza askari 14, Malawi 3, Tanzania 2. Askari huhesabiwa mmoja mmoja kwa jina na cheo. Raia hawapati heshima hiyo.

Nimeanza na barabara, wajukuu zangu, kwa sababu nataka kuwaeleza habari ya nyimbo zinazopinga vurugu na hofu, na sipendi mzisome kama habari za watu wa mbali wenye nywele ndefu na magitaa.

Basi tuanze na hofu yenyewe. Bomu linatisha, hakuna anayebisha. Lakini likilia, kila mtu analisikia na watu wanakimbia pamoja. Hata jirani mliyegombana jana anakubebea mtoto. Hofu mbaya zaidi ni ile inayobaki mlio ukishaisha. Leo kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, amesimama huyu, kesho yule, na kila mwenye bunduki ana orodha yake ya maneno yasiyotakiwa. Jina la kundi lililosifiwa juzi, leo ukilitaja tu umejitia mashakani. Basi watu wanajifunza kunong'ona. Mama anazima redio mgeni akipiga hodi. Baba anaanza sentensi, anawatazama watoto, anaikatiza katikati. Baada ya muda kila nyumba inadhani ni yenyewe peke yake inayoogopa, maana kwa jirani nako kumetulia kimya, na anayetaka watu waendelee kuogopa hana haja ya kufanya kazi nyingine. Kimya kinamfanyia.

Sasa njooni kwenye kelele.

Muziki wa roki ulizaliwa Marekani miaka ya 1950 kutokana na muziki wa watu weusi, na silaha yake kubwa ni gitaa la umeme. Gitaa hilo peke yake lina sauti ndogo, mtu wa chumba cha pili hasikii. Sauti yake inatoka kwenye amplifaya na spika. Amplifaya ikilazimishwa kutoa sauti kubwa kuliko uwezo wake, inashindwa kuyafikisha mawimbi ya sauti mpaka juu. Inayakata vichwa, na mlio unatoka mkavu, wenye kukwaruza. Mafundi wa zamani waliona hilo ni kosa la mashine. Vijana wakalipenda. Mwaka 1964 Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya The Kinks ya London, alichukua wembe akachana karatasi ya spika yake makusudi ili ikwaruze zaidi, na wimbo uliorekodiwa kwa spika hiyo iliyochanwa ukapanda mpaka nambari moja Uingereza.

Mlio wa kukwaruza unaweza kusema jambo ambalo sauti tamu hailiwezi. Asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, kwenye tamasha la Woodstock, Jimi Hendrix alisimama akapiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa. Hakuimba neno hata moja. Katikati ya wimbo akalifanya gitaa lilie kama roketi zinazoshuka, milipuko, watu wanaopiga mayowe, kisha akarudi kwenye wimbo wa taifa kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakati huo askari wa Marekani walikuwa wanapigana Vietnam. Mtoto wa Sake akiusikia wimbo ule hatahitaji mkalimani.

Lakini kisa ninachotaka mkishike ni cha msichana wa Ireland. Tarehe 20 Machi 1993, siku moja kabla ya sikukuu ya akina mama, watu walikuwa madukani katika mji wa Warrington, Uingereza. Mabomu mawili yaliyofichwa ndani ya mapipa ya taka yakalipuka. Watoto wawili waliuawa, mmoja wa miaka 3, mwingine wa miaka 12. Waliotega walikuwa wapiganaji wa IRA, waliosema wanapigania Ireland dhidi ya utawala wa Waingereza. Dolores O'Riordan, mwimbaji wa bendi ya The Cranberries kutoka Limerick, alikuwa na miaka 21. Akatunga wimbo unaoitwa Zombie, uliotoka mwaka 1994. Kabla ya hapo bendi yake ilijulikana kwa nyimbo laini. Huu aliutaka uwe mzito, magitaa yakwaruze, na sauti yake mwenyewe ivunjike inapofika kwenye kiitikio.

Tazameni alikosimama. Yeye ni Mwairishi. Waliotega mabomu walidai wanafanya hivyo kwa niaba ya watu wa kwao. Ingekuwa rahisi kwake kutunga wimbo kuhusu mabaya ya Waingereza, na mabaya hayo yalikuwepo, karne kadhaa za mabaya. Angepigiwa makofi nyumbani, angelala salama. Alichosema yeye, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba mtoto akiuawa kwa jina langu, jina langu halimo. Wapo waliomchukia kwa hilo. Mimi naona hapo ndipo wimbo wa kupinga vurugu unapopimwa. Kuimba kwamba adui ni mbaya hakuhitaji moyo mkubwa, hata majeshi yana nyimbo za namna hiyo na huziimba yakiwa njiani kwenda kuua. Kibarua kiko kwenye kuuambia upande wako.

Msidhani jambo hili ni la Ulaya tu. Nairobi ina bendi za roki na wapenzi wake hujazana kumbini kama mashabiki wa mpira. Mojawapo ni Crystal Axis, vijana wanaopiga panki, roki ya haraka yenye hasira na isiyojali kupendeza. Wana wimbo unaoitwa Leopold, na Leopold huyo ni yule yule: Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo kama shamba lake kuanzia 1885 hadi 1908. Vijiji vilipangiwa kilo za mpira wa kugema msituni, na visipofikisha, walinzi waliua na kukata mikono. Mwaka 1904 mwanamke mmishenari, Alice Seeley Harris, alimpiga picha baba mmoja, Nsala, ameketi barazani Baringa akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, kwa kuwa ndivyo vilivyobaki. Picha hiyo ilizunguka dunia na ilisaidia kumng'oa mfalme. Miaka zaidi ya 100 baadaye, vijana wa Kenya ambao hawakuzaliwa Kongo wanalipigia kelele jina hilo jukwaani.

Hata hivyo wimbo wao ninaouheshimu zaidi ni mwingine, Nyayo House. Hilo ni jengo refu katikati ya Nairobi. Wakenya wengi wanalijua kwa foleni ya pasipoti, maana idara ya uhamiaji iko humo. Chini ya jengo, miaka ya 1980, wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi, kulikuwa na vyumba vya giza. Walioshukiwa kuipinga serikali, wakiwemo wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu, walifungiwa huko, vyumba vikamwagwa maji, na mtu akakaa siku nyingi akiwa amelowa, kisha akapandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa na kupigwa. Huku chini mtaani magari yalipiga honi na watu walinunua karanga. Bendi ya Kenya ikaimba juu ya serikali ya Kenya. Kijana mwenye miaka 20 leo hakuwa amezaliwa wakati ule, na pengine nyumbani kwao hakuna aliyemweleza, kwa sababu wazazi wa enzi zile walizoea kunong'ona na mazoea hayo hayaondoki rais akibadilika.

Kwa nini basi Kivu hatusikii roki nyingi? Sababu moja ni ya mfukoni: amplifaya inataka umeme, umeme una wenyewe, na seti ya ngoma huwezi kukimbia nayo kwenye chukudu. Sababu ya pili ni kwamba tunayo mengine. Tuna rumba, tuna hip-hop, tuna kwaya zinazoweza kutetemesha mabati ya kanisa. Na tuna tamasha lililobeba jina la amani kabisa, Tamasha la Amani la Goma. Lilipangwa lianze Agosti 2013, mapigano karibu na mji yakalizuia, likafanyika Februari 2014 kwenye viwanja vya shule ya Mwanga. Vijana wa Goma, wa Gisenyi nchini Rwanda na wa Bukavu wakacheza uwanja mmoja. Najua kuna watu wazima waliocheka kwamba dansi haizuii risasi. Kweli haizuii. Lakini siku tatu za kusimama katikati ya maelfu ya watu bila kumwogopa aliye pembeni yako ni kitu ambacho vijana wengi wa mji ule hawakuwahi kukipata.

Sasa nawafikisha kwa Delcat Idengo. Jina lake la kuzaliwa ni Delphin Katembo Vinywasiki, kijana wa upande wa Beni. Beni imekuwa ikichinjwa tangu Oktoba 2014 na wapiganaji wa kundi la waasi la ADF: watu wanatoka shambani jioni, hawafiki. Delcat hakuwa mwanaroki kwa maana ya magitaa. Alikuwa mwanaroki kwa tabia, akisema kwa sauti ya juu yale ambayo mtaa mzima unasema kwa sauti ya chini. Aliuliza kwa nini raia wanauawa karibu na kambi za jeshi. Aliuliza wanasiasa wanakula nini hasa. Mei 2021 serikali iliweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi: magavana wakawa maafisa wa jeshi, manaibu wao wa polisi, na raia wakawa wanashtakiwa mbele ya majaji wa kijeshi. Mwaka huo huo mahakama ya kijeshi ya Beni ilimhukumu Delcat kifungo cha miaka 10 kwa kulitukana jeshi. Mwimbaji mwenzake, Muyisa Nzanzu Makasi, alipewa miaka 2. Kwa nyimbo, wajukuu zangu. Wapo wenye bunduki waliofanya makubwa kuliko hayo na hawajawahi kumwona jaji.

Alitoka, akaimba tena, akakamatwa tena. Goma ilipotekwa Januari 2025, gereza la Munzenze lilivunjwa na wafungwa wakakimbia, yeye akiwa miongoni mwao. Mtu mwingine angevuka mpaka usiku huo. Delcat alikuwa amefungwa na serikali, mji sasa uko mikononi mwa maadui wa serikali hiyo. Angeweza hata kuwaimbia wageni wale sifa, na bila shaka wangemkaribisha kiti. Akatunga wimbo wa kuwapinga. Tarehe 13 Februari 2025, akiwa Goma anarekodi video, alipigwa risasi akafa. Wengi waliwanyooshea kidole M23. Kuna wanaosema alikuwa mtu wa vurugu za maneno, na ni kweli lugha yake ilikuwa kali, haikutiwa sukari. Mimi natazama jambo moja: alifungwa na upande huu na akafa akiwapinga wa upande ule. Mtu wa namna hiyo hapati rafiki mwenye bunduki.

Hapa sina budi kuwageuzia sarafu, maana wimbo hauna dini. Ng'ambo ya Ziwa Kivu, upande wa Gisenyi, alitoka mwanamuziki aliyependwa mno nchini Rwanda, Simon Bikindi. Sauti alikuwa nayo, ngoma alikuwa nazo, wacheza ngoma alikuwa nao. Nyimbo zake zilipigwa redioni mwaka 1994 Watutsi walipokuwa wanauawa kwa mamia ya maelfu. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu Desemba 2008 kifungo cha miaka 15. Kilichomtia hatiani hasa ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti kwenye barabara ya Kivumu na Kayove mwezi Juni 1994, akiwa kwenye msafara wa gari, akiwahimiza watu waue jirani zao. Barabara, gari, kipaza sauti, msanii anayependwa. Vifaa ni vile vile anavyotumia mwimbaji wa amani.

Kwa hiyo mkikutana na wimbo wenye hasira, msiutazame ukali wake. Zombie ni mkali, Nyayo House ni mkali, Delcat alikuwa mkali. Sikilizeni unamlenga nani. Je, unataja tendo, au unataja kabila? Unamkemea aliyeshika panga, au unamwonyesha mwenye panga mlango wa kugonga? Vijana wa Kivu mnaelewa ninachosema, mmeshapokea kwenye simu zenu nyimbo za aina zote mbili, na nyingine zina midundo mitamu kweli.

Na swali ambalo mtoto mwerevu lazima aliulize: je, Zombie iliisimamisha vita ya Ireland? Haikuisimamisha. Makubaliano ya amani yalitiwa saini Aprili 1998, na walioyatia saini ni wanasiasa waliochoka, baada ya mazungumzo marefu yenye kahawa nyingi. Kongo na Rwanda nazo zilitia saini mkataba Washington tarehe 27 Juni 2025, na hakuna mpiga gitaa aliyekuwepo mezani. Dolores alifariki Januari 2018. Mwaka 2023 Ireland ilipocheza Kombe la Dunia la raga nchini Ufaransa, maelfu ya mashabiki waliuimba wimbo wake uwanjani, na mara ubishi ukazuka huko kwao kama unafaa kuimbwa hapo. Vita imeisha robo karne, na wimbo bado unawasumbua watu.

Mtaniambia: haya, tumeelewa, lakini amplifaya tutaitoa wapi Mubambiro? Kinshasa kulikuwa na kijana, Roger Landu, aliyepiga na bendi ya Staff Benda Bilili, bendi ya wanamuziki ambao wengi wao walilemazwa na polio na waliofanyia mazoezi kwenye bustani ya wanyama ya jiji. Alikuwa na chombo alichokitengeneza mwenyewe, satonge: kopo la maziwa ya unga, kijiti kilichopinda, na waya mmoja wa umeme uliovutwa kati ya viwili hivyo. Ukikikunja kijiti waya unalegea au kukaza, na sauti inapanda na kushuka. Waya mmoja tu, na kwa waya huo alizunguka majukwaa ya Ulaya baada ya albamu yao ya mwaka 2009. Kopo mtalipata kwa muuza chai, waya kwa fundi redio wa Sake, kijiti mkate wenyewe. Wiki ya kwanza kitalia vibaya sana, na majirani watakuja kulalamika.